Ndizi za Kupeleka Barahona

Ndani ya basi dogo la Barahona, binti aliyepakata mfuko wa ndizi mbichi alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba leo atampondea mama mkwe wake mtarajiwa mangú, ndizi za kuchemsha na kuponda, kwa mara ya kwanza. "Umezinunua wapi?" mama aliuliza. "Santo Domingo." "Mwanangu, unapeleka ndizi Barahona?"

Nje, migomba ilikuwa imetuzunguka sisi abiria pande zote mbili kwa muda mrefu.

"Muuzaji aliapa zimetoka huku huku, mama. Mkwe wangu hali za kwingine." "Basi zinarudi kwao. Ziulize kama zinamfahamu. Na utazilainisha kwa nini?" "Maziwa."

Dereva alipunguza redio. "Maji baridi na siagi, binti," mama alisema. "Ukitia maziwa atajua wewe wa mjini kabla hajameza." "Mimi ni wa mjini, mama. Na mwanawe, mchumba wangu, huomba aongezwe." "Mwanawe anakupenda. Ushahidi wake haupokelewi."

Basi lilisimama. Binti alishuka na mfuko wake. "Nitatia maziwa," alisema akiwa chini.

"Haya, ila juu yake weka vitunguu vya siki vingi," mama alimjibu dirishani, "vikuombee msamaha."