Bernadetta na Viti vya Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Igoma hadi visiwani, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Bernadetta Kokugonza wa Kiseke. Hakuwa na cheo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na kazi moja tu, kumtunza mwanaye Rugambwa. Kazi hiyo haina mshahara, haina likizo.

Rugambwa alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakai bila kushikwa. Hali mpaka alishwe, kijiko baada ya kijiko, saa nzima. Alipokuwa mdogo, mama yake alishona sare za shule huku amembeba mgongoni. Mtoto akakua, mgongo ukakataa. Cherehani ikafunikwa kitenge. Baba mtu akaaga kwenda Geita kutafuta maisha. Bado anayatafuta.

Evelina, mdogo wake Bernadetta, aliniambia hivi: "Kaka, ziwa unaliona ukisimama pale mlangoni kwake. Lakini dada hakuwahi kufika ufukweni tangu Rugambwa ana miaka mitano. Angemwacha na nani?"

Ndipo ikaja habari njema. Mpango mmoja wa ruzuku, jina nalihifadhi, ulikuwa unatafuta watu wanaotunza ndugu zao wenye ulemavu bila malipo, uwape kitu kila mwezi. Bernadetta akapanga. Ataweka msichana wa kumsaidia, Rugambwa auzoee mkono wake, kisha yeye aende hospitali. Presha ilikuwa juu. Daktari alishamwandikia alazwe. Msikilizaji, shika hilo: alishaandikiwa alazwe.

Wakaguzi wakatuma ujumbe kwamba watapita Alhamisi.

Sasa, mnawajua Wahaya na mgeni. Bernadetta alideki nyumba mara mbili. Akaenda kwa jirani yake, Mama Masalu, akaazima viti vinne vyenye vitambaa vyeupe, chupa ya chai na vikombe. Wakaguzi wakakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kutoka kwao Muleba, kisha chai ya maziwa, kisha samaki aina ya sato. Rugambwa alikuwa ameoga, amevaa shati la Krismasi. Wageni walishukuru sana. Walipofika ofisini wakaandika: kaya inajiweza.

Mama Masalu analia mpaka leo. "Si angeniambia ni wakaguzi! Mimi nilijua anapokea wakwe. Nikampa vile vizuri kabisa, kumbe namfunga."

Bernadetta akakata rufaa. Akaambiwa afike mwenyewe, apange foleni. Alikwenda mara moja, Rugambwa akabaki na Mama Masalu. Hadi saa saba mchana foleni haijasogea, na mtoto hajala, maana hakubali kijiko cha mtu mwingine. Bernadetta akarudi mbio. Hakwenda tena. Evelina alimsihi akalazwe hivyo hivyo. Akajibu, "Nikilala hospitali siku tano, huyu atakuwa hai?"

Na mimi nina kosa langu. Mwaka jana nilipita pale. Nilikalishwa kwenye kiti cha Mama Masalu, nikatafuna kahawa, nikasifu usafi wa nyumba. Sikumuuliza mwenyeji wangu kama amelala. Inaniuma.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni tulikwenda. Mwenyeji hakupona. Jumapili ya juzi Bernadetta alianguka akiwa anapoza uji. Ziwa alilolitazama mlangoni miaka yote hiyo alilivuka kwa meli ya Bukoba, ndani ya jeneza, kwenda kuzikwa kwenye kibanja cha baba yake.

Familia ya Kokugonza, poleni. Mama Masalu, pole, hukufanya kosa lolote. Nawe msikilizaji, mtaani kwako yupo mtu ambaye hujamwona nje siku nyingi. Usipite kumsifia nyumba. Kaa na mgonjwa wake, mzoeshe mkono wako, yeye atoke. Na ninyi mnaokagua kaya, msiandike viti. Mwandikeni mtu.

Kule Muleba, wakati wa kuweka mashada, msoma ratiba aliita, "Mdogo wa marehemu, Evelina." Akaita tena. Mjomba mmoja akainuka taratibu, akapokea shada lile.

Evelina ameacha kazi yake ya kukata tiketi kituo cha mabasi Nyegezi. Saa ile tunamzika dada yake, yeye alikuwa Kiseke na bakuli la uji, anambembeleza Rugambwa afungue mdomo.