Ma Theopista Mutembei, Gundi na Maziwa ya Ukuta wa Muleba

Tarehe 30 Juni 1983 Bi. Theopista Mutembei anastaafu, baada ya kukitumikia chumba cha rangi cha karakana yetu ya vifaa vya shule hapa Bukoba kwa miaka ishirini na mmoja. Sote tunamwita Ma Theopista. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu meza yangu ya kuchorea inapakana na chumba chake. Nimekubali, ingawa katika utumishi wake kuna jambo moja ambalo mpaka leo silielewi, na nikimwuliza yeye, ndiyo nazidi kuchanganyikiwa.

Alizaliwa Kashozi, akasoma kwa masista, akaajiriwa mwaka 1962. Nchi ilikuwa mpya, na kila shule ilitaka ramani, bendera na rangi za maji za watoto. Msimamizi wa wakati huo, marehemu Ta Apolinary, alimwuliza kama anajua kutengeneza rangi. Alijibu kwamba anajua kupika. Ta Apolinary akaona majibu hayo yanatosha, akampa aproni.

Kwa wasioifahamu kazi yetu: unga wa rangi peke yake ni vumbi. Ukiukoroga na maji matupu ukapaka, maji yakikauka vumbi linabaki vumbi, ukipitisha kidole linatoka. Lazima kiwepo kitu cha kuushika. Kwa kawaida tunatumia gundi ya migunga, inayoletwa kutoka upande wa Shinyanga na kuyeyushwa katika maji. Ikikosekana kuna kiini cha yai, kuna wanga wa muhogo, na kwa kuta kuna maziwa yaliyogandishwa yakasagwa na chokaa. Ma Theopista alijifunza hayo yote kwa kukosea, na alikosea kwa moyo mkunjufu. Kuna wakati alitia asali kwenye rangi ili isipasuke ikikauka. Rangi ilipendeza sana, mpaka mwalimu wa Buhembe alipokuja kulalamika kwamba sisimizi wamekula jua katika michoro ya darasa zima. Alipojaribu viini vya mayai, karakana nzima tulikula ute wa kukaanga hadi Jovita wa stoo akaapa kwamba akisikia kuku analia anaumwa tumbo.

Sasa niseme habari za mwaka 1974.

Mwaka ule watu walikuwa wakihamia vijiji vipya, na mvua zilikuwa zimekataa. Njaa ilikuwepo, ila kuitaja hadharani hakukupendwa. Ndugu Nathanael Rugaibula, ofisa aliyeshughulikia kijiji kimoja kipya upande wa Muleba, alikuja kuomba picha kubwa kwenye ukuta wa shule: wakulima, migomba, nyumba zilizopangwa mstari. Mgeni wa kutoka mkoani angekuja kukifungua kijiji. Kazi ya kuchora nilipewa mimi, na ya rangi Ma Theopista.

Gunia la gundi tulilolipokea safari hiyo lilikuwa na vipande vyeupe, vizuri kwa macho. Ma Theopista alivilowesha jioni kama kawaida. Asubuhi tulikuta vimevimba vikawa utelezi mzito uliopanda hadi ukingo wa pipa na kumwagika sakafuni, wala haukuyeyuka. Aliongeza maji, ukavimba zaidi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni maji ya ziwa, mwingine pipa lilikuwa na sabuni, mlinzi wetu akasema wazi kwamba tumerogwa. Nadhani sasa ilikuwa gundi ya mti mwingine, lakini siku hiyo hakuna aliyejua.

Ma Theopista ndiye aliyependekeza maziwa. Rugaibula akafurahi, akatangaza kijijini kwamba wenye ng'ombe walete maziwa shuleni. Hakusema ya nini. Nadhani aliona kila mtu anajua.

Tulipofika shuleni na vifaa vyetu, pamoja na lile pipa la utelezi, sufuria zilikuwa zimejaa, na Ma Theopista akaanza kukata ndimu za kuyagandisha maziwa. Ndipo akina mama walipoanza kuingia uwanjani, kila mmoja na kikombe, na watoto migongoni. Wengine walisema kwa Kihaya, *amate g'abaana*, maziwa ya watoto, na wakajipanga wenyewe.

"Ma, foleni inaanzia upande gani?" mmoja aliuliza. Jina lake lilikuwa Joviana, na mtoto wake alikuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba.

"Mmeambiwa maziwa haya ni ya nini?" Ma Theopista akamwuliza.

"Yaletwe shuleni. Shuleni si ndiko kwenye watoto?"

Ma Theopista alisimama na ndimu mkononi. Rugaibula alimvuta pembeni, nami nikasogea. Hakuwa mtu mbaya; uso wake ulionyesha kwamba naye ndiyo kwanza ameelewa alichokifanya.

"Mgeni anakuja kesho kutwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwonyesha nini?"

"Sijui, ndugu."

"Maziwa niliyaomba kwa ajili ya picha ya kijiji. Waliotoa wakiuliza?"

"Hilo nalo sijui."

Aliiweka ndimu chini, akaomba kuni, akayachemsha maziwa. Watoto wakanywa. Mzee Lwakatare, aliyekuwa ametoa maziwa ya ng'ombe wake wawili, aliondoka bila kuaga, na sikujua kama amekasirika au ana aibu.

Muhogo hatukuutaja, wala mayai; navyo ni chakula. Tulirudi kwenye ule utelezi wa pipa. Ma Theopista aliukamua kwa kitambaa, akachanganya rangi, nami nikachora. Ulipokauka ulishika. Hata sisi tulishangaa.

Siku ya ufunguzi, mgeni akiwa amesimama kuhutubia, mvua iliyosubiriwa miezi yote ikanyesha. Kijani cha migomba kiliteremka kwenye nyuso za wakulima, nyumba zikaungana, na mwisho ukutani palibaki michirizi. Kuna waliocheka. Kuna waliolia kwa furaha ya mvua bila kuuangalia ukuta. Kuna waliopiga makofi, sijui walimpigia nani.

Mgeni aliuliza kilichotokea. Rugaibula akamtazama Ma Theopista.

"Gundi haikushika," Ma Theopista akajibu.

"Kwa nini haikushika?"

"Sijui, ndugu."

Hakutaja maziwa. Rugaibula naye hakuyataja. Baada ya wiki chache Rugaibula alihamishwa, na Ma Theopista akaondolewa chumba cha rangi kwa uzembe, akapelekwa stoo kupanga chaki. Alikaa huko karibu mwaka mzima. Kisha akarudishwa, bila maelezo, kana kwamba waliomwondoa wamesahau sababu.

Nimemwuliza mara nyingi kwa nini hakujitetea. Mara moja aliniambia aliogopa akina mama wangeitwa waeleze kwa nini wanasema kuna njaa. Mara nyingine akasema hakuwa na mpango wowote, maneno yalimkauka tu. Na mwaka juzi akanijibu kwa ukali kidogo: "Burhani, aliniuliza habari ya gundi. Nilimjibu habari ya gundi." Sijui lipi ni la kweli. Huenda yote matatu.

Tangu hapo ametufanyia mengi. Yeye ndiye aliyeanza kutia mafuta ya karafuu ili rangi isiozee makoponi, na karakana yetu ikanukia pilau. Vita vya mwaka 1978 vilipotukimbiza kutoka mjini, aliandamana na mapipa ya gundi hadi Muleba akiwa juu ya lori, akayarudisha salama. Amemfundisha Zabibu, atakayeshika nafasi yake, kila anachokijua, pamoja na makosa.

Wiki iliyopita, tukinywa chai, Zabibu alimwuliza mbele yetu: ikitokea tena hivyo, ukuta unasubiri na watoto wanasubiri, afanye nini? Ma Theopista alikiweka kikombe chake chini.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Utachanganyikiwa tu, kama mimi. Lakini wakati unachanganyikiwa, maziwa yawe jikoni yanachemka."

Ma Theopista, asante kwa rangi, kwa ute wa mayai, na kwa kutuvumilia. Wafanyakazi wenzako tunakuombea afya njema, mvua kwa wakati wake, na wajukuu wengi wa kukusumbua. Ukapumzike vyema huko nyumbani Kashozi.

Burhani Saburi, mchoraji, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana