Mwalimu Aliyemtazama Mtoto Aliyetulia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo, maana leo nataka unisikilize vizuri. Jumamosi iliyopita tulimzika mwalimu. Mwalimu wa darasa la kwanza. Darasa la kwanza tu, miaka thelathini na moja, chumba kilekile, mlango unaofuata ofisi ya mkuu wa shule. Watoto walimwita Mwalimu Nimeona, na watu wazima nao wakafuata.

Jina hilo alilipata hivi. Mtoto akiokota karatasi sakafuni, mwalimu huinama mpaka macho yao yalingane, kisha husema, "Nimeona umeokota karatasi." Basi. Hamwagi sifa. Anataja kitendo, na anakitaja papo hapo. Walimu wapya aliwaambia kwamba sifa ikichelewa, humkuta mtoto yuko kwenye mambo mengine.

Lakini msidhani alizaliwa hivyo. Miaka sita ya mwanzo alikuwa mtu wa fimbo. Fimbo yake ilikaa juu ya kabati la vitabu, na ilifanya kazi kuliko chaki. Mwenyewe hakuficha.

Aliyembadilisha ni msichana mmoja wa miaka saba. Msichana huyo alikuwa akipiga kelele. Kila somo. Anagonga dawati, anapayuka, anaangusha kiti. Anachapwa, anatulia dakika tano, anaanza tena. Mkuu wa shule akasema mtoto huyu arudishwe kwao. Likizo ile mwalimu akaenda mafunzoni, na huko mkufunzi akamuuliza swali dogo: huyo mtoto akipiga kelele, anapata nini?

Shule ilipofunguliwa, mwalimu akafungua daftari. Siku tatu akawa anaandika tu. Akagundua kwamba kila kelele ilipopigwa, yeye aligeuka. Darasa zima liligeuka. Na msichana alipokaa kimya akiandika irabu zake, hakuna aliyemtazama hata mara moja. Hata mara moja, wasikilizaji wapendwa.

Akaenda kwa mkuu wa shule kumwombea mtoto mwezi mmoja. Akapewa. Akaanza kuzipuuza kelele na kuukimbilia utulivu, hata ule wa nusu dakika. Wiki ya kwanza mambo yakawa mabaya zaidi. Msichana aliona macho hayaji, akaongeza sauti, ikafika mpaka darasa la saba. Walimu wenzake wakamcheka: "Mwenzetu, darasa lako siku hizi ni mkutano wa hadhara!" Akavumilia. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, mkono ukanyooka nyuma kabisa ya darasa. Mdomo kimya, mkono juu. Mwalimu aliliacha neno ubaoni halijaisha, akaenda mpaka pale.

Msichana yule leo ni mama wa watoto wawili. Kazi yake ni kutangaza safari kwenye stendi ya mabasi. Ndiyo, sauti ileile sasa inalipwa mshahara. Aliniambia: "Sikuwa mkorofi, kaka mtangazaji. Nyumbani tulikuwa tisa. Nilitaka tu mtu ajue nipo."

Sasa nije nyumbani kwa mwalimu mwenyewe. Huku pana maumivu kidogo. Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma. Wa pili ni wa kike, muuguzi. Muuguzi ndiye aliyenisimulia haya. "Mama alikuwa anarudi sifa zote zimemwishia shuleni. Sisi tulibakiwa na 'nani kaacha kikombe hapa?'"

Alipokuwa na miaka kumi na moja, binti huyu siku moja aliosha vyombo vyote, akadeki jiko, akapanga sufuria kwa ukubwa. Mama akaingia, akapita, akaenda kubadili nguo. Binti akiwa anafuta vikombe, kimoja kikamponyoka. Hapo ndipo mama akaja mbio. Akagomba, akagomba. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kikombe cha pili, akakiachia makusudi.

"Akaniuliza, 'We una wazimu?' Nikamjibu, 'Angalau nikivunja, unaniangalia.'"

Mwalimu akakaa chini, kwenye sakafu ile mbichi, na sketi yake ya kazini. Binti alifikiri anajiandaa kumchapa. Kumbe mama analia.

Kuanzia siku hiyo alijifunza upya, nyumbani kwake mwenyewe. Mwanzoni maneno mazuri yalimtoka kwa shida, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni. Mumewe, marehemu fundi saa, alikuwa akimtania: "Na mimi nimekunja shuka, mke wangu. Hilo hukuliona?"

Lakini yule wa kwanza alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko mji mwingine anajifunza ufundi. Yeye alilelewa na mama wa fimbo, akaondoka akimjua mama wa fimbo. Mwalimu alilibeba jambo hilo miaka mingi. Mwezi uleule aliostaafu, akafunga safari mpaka karakana ya mwanawe.

Mwanawe anasimulia: "Nilipomwona mlangoni nilijua kuna msiba. Akasimama mbele ya vijana wangu wa kazi, akasema, 'Mwanangu, nilikuchapa kwa mambo ambayo watoto wa wenzangu niliwaelekeza kwa upole. Nisamehe.' Nikamwambia, 'Mama, yameshapita hayo, nilishazoea.' Akasema, 'Mimi sijazoea.' Sikujua hata mikono yangu niiweke wapi."

Nikamuuliza kama alimsamehe. Akanijibu: "Siwezi kukudanganya kwamba yote yalifutika siku ile. Lakini alikaa kwenye kiti cha chuma mpaka jioni, ananitazama ninavyofanya kazi. Akaniuliza geti lile nimelipimaje hadi likanyooka vile. Nikamweleza. Sijawahi kueleza kazi yangu kwa furaha namna ile."

Wakapata miaka minane ya kutembeleana. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Akaugua miezi minne, na Jumanne asubuhi akafariki dunia hospitalini, wanawe wote wawili wakiwa pembeni yake.

Kwa fundi, kwa muuguzi, kwa wajukuu, kwa walimu wenzake na kwa wote waliojifunzia kusoma na kuandika katika chumba kile, poleni sana. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mwalimu wetu kwa amani.

Nawaomba wazazi na walimu mnaonisikiliza, tutafakari swali alilouliza mkufunzi yule: mtoto akipiga kelele, anapata nini? Mimi nimeanza, na si rahisi. Nilipotoka makaburini Jumamosi, nilimkuta mwanangu mezani anafanya hesabu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuuliza kwa nini viatu vyake viko katikati ya mlango. Nikaufunga. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.