Penalti Iliyokatwa na King'ora

Kijiwe cha Mama Christiane ni benchi moja na birika moja la kahawa, kando ya barabara ya Kambove, mjini Likasi, Kongo, mkabala na ukuta wa uwanja wa mtaa. Asubuhi ile ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya na Damas hakutulia kitako. Kamati ya mtaa ilikubali kuchora pale penalti ya marehemu baba yake, ile ya msimu wa kwanza wa ligi ya mkoa, enzi Likasi ikiitwa Jadotville. Mechi ya mwisho, Likasi na Kambove, sare. Baba yake akauweka mpira, akarudi nyuma, king'ora cha kiwanda kikalia. Nusu ya wachezaji walikuwa wa zamu ya mchana. Wakaenda kazini na jezi mwilini. Mechi haikurudiwa, bingwa hakupatikana. Wote wamekwisha kufa, na Damas alitaka jina la baba yake libaki mahali watu wanapopita. Kijiwe kilimwita Penalti, naye aliitika.

— Ile sirène ililia mbele ya saa, alisema mzee Gaston, mstaafu wa kiwanda, aitwaye Ministre kwa ajili ya suti yake moja na maoni yake mengi. — Chef mumoja wa kiwanda alikuwa na bibi kule Kambove. Njo yeye aliiliza.

— Non, vieux, tuangalie tena, alisema Rolly, dereva wa taxi-bus. Walimwita VAR kwa sababu hakuna jambo asilolirudia. — Sirène inatumika na courant, umeme ule. Courant inatoka wapi? Mwadingusha, kule kwenye bwawa ya umeme! Kulikuwa supporter wa Kambove kule. Alituma courant mingi, sirène ikalia yenyewe.

Damas alicheka, akapuliza kahawa yake. Siku kama hizi aliwapenda sana.

— Weye unajua nini ya courant? Ministre alipandisha sauti. — Kipa wao alikuwa na dawa ndani ya gants ya mikono! Papa ya Penalti angepiga, ule mupira ungeenda Kambove wenyewe, unafuata reli!

— Na tike ya treni, nani angelipa? aliuliza Mama Christiane.

— Papa angefunga, alisema Damas. — Angefunga tu.

Hapo hakuna aliyebisha. Ndilo jambo pekee ambalo benchi zima lilikubaliana.

Jenny, mchoraji wa vibao, akafika na baiskeli yenye makopo ya rangi. Akasalimu wazee, akapewa kikombe, akaupima ukuta kwa macho.

— Papa Damas, nitachora bantu babili. Papa yenu huku na mupira, kipa kule ndani ya goli. Chini ya kila muntu, jina yake. Njo vizuri?

— Njo vizuri sana!

— Bon. Jina ya papa yenu niko nayo. Na kipa, alikuwa anaitwa nani?

Damas alilitafuta jina lile katika kumbukumbu zake. Baba yake aliisimulia penalti ile mpaka anakata roho: jezi ya kipa iliyochanika begani, jinsi alivyotemea mate viganja, jinsi alivyocheka. Jina, hapana. Siku zote alikuwa "ule wa Kambove". Aibu ilimshika Damas, aibu ya kweli. Kile alichoogopa kingempata baba yake, kusahauliwa jina, yeye alikuwa akimfanyia mtu mwingine tangu utotoni.

Alimtazama Ministre. Ministre akatikisa kichwa.

— Tuangalie tena, VAR alianza. — Kipa wa ile wakati alikuwa... Magloire. Eeh, Magloire wa...

— VAR, acha, alimkatiza Damas. — Sirène, courant, dawa, sema yote. Jina ya muntu, usitunge.

Barabara ile VAR huipita kila siku, kwenda Kambove na kurudi, na hakuna aliyewahi kumtuma kuuliza.

— Basi niandike ya papa yenu kwanza? aliuliza Jenny, brashi mkononi.

Damas aliinuka, akamrudishia Mama Christiane kikombe.

— Hapana, Jenny. Chora bo bote babili, lakini jina ya papa usiandike. Atangoja mwenzake.