Kura za Benchi Letu

Kuna jambo moja sijalielewa hadi leo. Kabla ya uchaguzi, kila aliyekaa kwenye benchi letu, lile lililo kati ya karakana ya seremala na duka la kinyozi, alimwahidi seremala kwamba kura yake ataipata kaka wa seremala huyo, mbunge wetu wa mihula miwili. Majirani waliahidi, na wake zao waliahidi. Matokeo yalipobandikwa kwenye mlango wa shule, mheshimiwa alikuwa ameangushwa vibaya, na kwenye kituo chetu vibaya kuliko kote. Nani alimnyima? Sijui. Ninachokumbuka vizuri ni asubuhi moja, wiki chache baadaye, seremala alipoacha randa yake, akaja kukaa katikati yetu, na hakugusa kikombe alichomiminiwa.

— Kaka anahama chama, alisema. Anasema ameangushwa na itikadi. Watu wameichoka itikadi ya chama chake, wanaitaka ya upande wa pili. Anataka aanze kujijenga huko mapema, na ili apate fedha za kuanzia, nyumba anayoishi mama iuzwe. Mnunuzi anakuja leo alasiri. Mimi na dada tukikubali, imekwenda.

Shangazi, muuza kahawa wetu, alirudisha birika jikoni.

— Mama yenu anajua?

— Anajua. Kwa mtoto wake mkubwa, mama hana neno. Sasa niambieni nyinyi, maana nyinyi ndio wapiga kura. Ni itikadi kweli? Kama ni itikadi, kaka atarudi bungeni na mama atajengewa nyingine. Kama siyo, mama yangu atazeekea chumba cha kupanga.

Mwalimu mstaafu wa somo la uraia, ambaye sote tunamwita Nadharia, alivua miwani.

— Ni itikadi, mdogo wangu. Chama chake kilitaka kila kitu waachiwe wenye mitaji. Wenzao wakasema maji na zahanati ni kazi ya serikali. Wananchi wakapima, wakaamua. Hiyo ni sayansi.

— Sayansi gani, Mwalimu? alidakia kinyozi. Huyu jina lake ni Redio, kwa sababu hajawahi kuzimika. Jimbo la jirani mbunge alikuwa wa huo huo upande wa pili. Naye kapigwa chini! Huyo aliangushwa na itikadi gani?

— Huyo alikuwa mvivu.

— Ahaa! Wetu itikadi, wa jirani uvivu.

— Redio, unavuruga hoja.

— Nainyoosha! Mimi nimemnyoa mheshimiwa tangu hajawa mheshimiwa. Muhula wa kwanza, shingo ya kawaida. Wa pili, shingo imejaa, kichwa hakiinami hata nikitaka kumnyoa kisogo. Mbunge akishaota shingo ile, kwisha habari yake. Wachunguze wote walioanguka.

— Shingo haipigi kura.

— Lakini inaonekana!

— Mie nasema ni kicheko, Shangazi aliingilia. Zamani alikuwa anacheka hapa mpaka kahawa inamwagika. Juzijuzi kicheko kikawa cha jukwaani. Anacheka kidogo, ananyamaza, anangoja makofi. Nani ampe kura mtu wa hivyo?

Nadharia alikwishasimama.

— Na kicheko hicho ni itikadi! Ni kicheko cha tabaka la juu! Hata hiyo shingo, Redio, ni itikadi. Ni itikadi iliyoshiba!

— Basi! Seremala alipiga benchi kwa kiganja, vikombe vikaruka. Nawauliza habari za mama yangu, mnanipa shingo na kicheko. Redio, wewe ulimpa kura?

— Si nilikuahidi?

— Sijauliza uliahidi nini.

— Unanishuku mimi? Mimi, swahiba wako?

Redio alisimama. Wembe alikuwa nao mkononi, nadhani mwenyewe alikuwa ameusahau. Nikamvuta shati, akauona, akaukunja, akakaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo dada yao alipofika. Ni muuguzi, alikuwa anatoka zamu na sare yake, amempitia seremala waende wote kwa mama. Alimwamkia Mwalimu, akasikiliza itikadi, akasikiliza shingo, akasikiliza kicheko, wala hakumkatiza mtu. Kisha akauliza:

— Kati yenu, yupo hata mmoja aliyewahi kumwambia kaka yetu mheshimiwa hapana?

Nadharia alirudisha miwani usoni. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika.

Siwalaumu. Seremala ndiye aliyetutengenezea vitanda vya arusi, na misiba ilipotufika ndiye aliyetuchongea majeneza. Mtu kama huyo akikusimamia mlangoni na kukuomba kura kwa ajili ya kaka yake, unamjibu nini? Tulimwitikia wote. Akapeleka habari kwamba huku kwetu ni salama, na mheshimiwa, akiamini hivyo, hakukanyaga hapa kampeni nzima. Alitupita akaenda kuwabembeleza wengine.

— Basi hatujui kilichomwangusha, dada alisema. Si nyinyi, si sisi. Na nyumba ya mama haiuzwi kwa jambo tusilolijua.

Seremala aliinamisha kichwa polepole, akikubali.

— Haiuzwi.

— Nitampigia simu mimi, dada akasema. Wewe humwezi.

— Hapana. Ahadi za watu hawa nilimpelekea mimi. Hili nalo nitalipeleka mimi, na nitamwambia usoni.

Aliondoka na vumbi la mbao kwenye nywele, dada yake akimfuata nyuma. Dada ndiye aliyetusimulia yaliyobaki. Mheshimiwa alikuwa ameketi sebuleni kwa mama, akainuka kumkumbatia mdogo wake, akamuuliza kama wako tayari.

— Nyumba haiuzwi, kaka.

Mheshimiwa akauliza benchi linasemaje.

— Benchi halijasema kitu, seremala alimjibu. Nasema mimi.