Droo ya Chini ya Mama Zamu

Kwanza kabisa, familia inaomba radhi kwa kuchelewa kuanza kwa dakika kumi na mbili. Marehemu asingekubali. Kwa miaka thelathini na moja alikaa mlangoni kwa Katibu Mkuu wa wizara, na hakuna kikao kilichochelewa kwa uzembe wake. Angekuwa na uwezo, saa hizi angekwisha kutugongea meza.

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, fundi seremala, ambaye hajazoea kusema mbele za watu. Sauti ikikwama, mvumilieni, itarudi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba fundi cherehani na mama mkunga wa zahanati. Mdogo wake alifuata miaka minne baadaye, na inasemekana dada mtu alimpokea kwa furaha kubwa kwa sababu sasa alikuwa amepata mtu wa kumpangia kazi. Akiwa na miaka tisa alichora jedwali la zamu ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni: nani aoshe vyombo, nani ateke maji, nani afagie. Zamu ya mdogo wake ilikuja mara nyingi kuliko ya mwenye jedwali, jambo ambalo mpaka leo halijapatiwa ufafanuzi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwaka uliofuata akiwa wa kwanza darasani katika kupiga chapa na wa kwanza katika hati mkato. Hiyo hati mkato aliipenda mno. Hata orodha ya vitu vya sokoni aliiandika kwa hati mkato, na mume wake, ambaye hakuielewa hata nukta, alikuwa akirudi nyumbani na sabuni mahali pa sukari.

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa wizarani, chumba cha masjala, kule chini kwenye majalada na vumbi. Hapo ndipo alipompata huyo mume. Alikuwa mpima ardhi, kijana mwembamba mwenye viatu vya matope, na siku moja alifika dirishani kuomba jalada ambalo alikuwa amelirudisha mwenyewe jana yake.

"Kaka, hili jalada umelileta jana saa nane," dada alimwambia. "Unalitaka la nini tena?"

"Nimesahau kilichomo."

"Haya. Na kesho?"

"Kesho pia nitakuwa nimesahau."

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983. Walijaliwa watoto watatu: binti ambaye sasa ni muuguzi, kijana ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu na ambaye peke yake alirithi mwandiko wa mama.

Aprili 1986 alipandishwa ghorofa ya nne kuwa katibu muhtasi wa Katibu Mkuu. Mabosi saba walipita katika ofisi ile, na kila aliyeingia alimkuta pale, na kila aliyetoka alimwacha pale. Alijua yupi hanywi chai ya moto, yupi husahau miwani chooni, na yupi akisema "niko kwenye kikao" maana yake amelala. Katika kabati lake alikuwa na tai mbili za akiba, sindano, uzi mweusi, na nakala ya kila hotuba. Mmoja wa mabosi hao alifika jukwaani mkoani akakuta ukurasa wa tano haupo. Akapiga simu, na dada akamsomea ukurasa mzima huku akiendelea kuwapa wageni namba za kuingia.

Nje ya mlango wake kulikuwa na benchi. Aliyewahi kufika ndiye aliyewahi kuingia, awe mkurugenzi, awe mama mwenye shida ya kiwanja. Kwa sababu hiyo wizara nzima ilimwita Mama Zamu. Wakubwa walinuna, lakini walikaa.

Na kulikuwa na droo ya chini. Barua yoyote ambayo bosi aliisema kwa hasira, dada aliichapa vizuri, akaweka mhuri, kisha akaitia kwenye droo ya chini ya meza yake ilale humo usiku mmoja. Kesho yake asubuhi, bosi akishakunywa chai, alimuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, ile barua ya jana niipeleke?" Mara nyingi jibu lilikuwa, "Barua gani?" Kuna dereva alifukuzwa kazi namna hiyo jioni, akarudishwa asubuhi bila kujua kwamba aliwahi kufukuzwa. Kosa lake lilikuwa kuchelewa, na aliyemchelewesha alikuwa mke wa bosi mwenyewe. Dereva huyo alistaafu kwa heshima, na leo asubuhi ndiye aliyeendesha gari lililomleta dada hapa. Ameomba tusimtaje, kwa hiyo hatumtaji, ila ni yule mwenye kofia mkononi.

Droo yenyewe ilitengenezwa na mdogo wake, mwaka 1987, baada ya ile ya serikali kukwama. Tafadhali likumbukeni hilo, maana linakuja jambo ambalo familia ilijadili kama lisomwe au lisisomwe. Shemeji akasema lisomwe.

Agosti 2013 wizara ilikuwa inajenga ukumbi mpya, na mdogo wake alitaka kuonana na Katibu Mkuu kuhusu kazi ya kutengeneza viti. Akafika saa mbili asubuhi, akaenda moja kwa moja mlangoni, kama mtu anayeingia jikoni kwao. Dada akamwambia, bila kuinua macho, "Kaa kwenye benchi, mdogo wangu. Kuna watu kumi na mmoja mbele yako." Alikaa mpaka saa saba mchana, na saa saba Katibu Mkuu akaondoka kwenda safari. Fundi akarudi nyumbani na hasira zake. Jumamosi ile, kwenye harusi ya binamu, mbele ya meza nzima ya jamaa, akasema dada yake kiti kimempanda kichwani, kwamba anadhani yeye ndiye Katibu Mkuu.

Maneno yalimfikia Jumatatu. Na mtu aliyezuia barua za hasira za mabosi saba akaketi akaandika yake. Ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilikuwa na "Yah: Tabia Yako". Ilisema asikanyage tena ofisini kwake wala nyumbani kwake. Chini iliandikwa: "Nakala: Mjomba, Shangazi, Jalada." Haikupita kwenye droo. Iliondoka kwa posta ya saa tisa siku ile ile.

Mdogo wake alijibu kwa kurasa tatu za mkono, na kwa kuwa alijua utaratibu, hakuituma papo hapo. Aliitia kwenye sanduku lake la zana ilale kidogo. Ikalala miaka minne na nusu. Dada akastaafu tarehe 30 Juni 2017, akaruhusiwa kuondoka na meza yake ya zamani, na mdogo wake hakuwepo kwenye sherehe. Wazazi walikwishafariki. Walikuwa wawili tu duniani, na hawakusemezana.

Februari 2018 dada alilazwa kwa mara ya kwanza, moyo umepanuka. Mdogo wake alifika wodini na barua mfukoni. Muuguzi wa mlangoni akamwambia wageni ni wengi, asubiri. Akakaa kwenye benchi tangu saa nne. Saa tisa, binti wa marehemu aliingia akamnong'oneza mama yake.

"Mama, mjomba yuko nje."

"Amekaa kwenye benchi?"

"Tangu saa nne."

"Amelalamika?"

"Hata kidogo."

"Basi zamu yake imefika. Mwambie aingie."

Aliingia, akatoa barua. "Niliilaza kwanza, dada, kama unavyofanya."

"Usiku mmoja!" dada akasema. "Nilisema usiku mmoja! Hii imelala mpaka imeota ndoto!" Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha akaisoma yote. Mstari wa mwisho ulisema: "Droo nilikutengenezea mimi, ukashindwa kuitumia kwa ajili yangu mara moja tu." Akaomba kalamu. Akaandika pembeni, kama kwenye jalada la serikali: "Nimesoma. Ana haki. Jalada lifungwe." Akatia sahihi na tarehe, 21/2/2018, kisha akamshika mkono na hakuuachia mpaka muda wa wageni ulipokwisha.

Mungu aliwapa miaka mitano zaidi, ya chai za Jumapili na kubishana juu ya lile jedwali la jikoni. Mei mwaka huu moyo ulizidiwa. Tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi, baada ya chai, alimuuliza binti yake, "Kuna mtu kwenye benchi?" Akajibiwa hakuna. "Basi vizuri," akasema, akafumba macho.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo mmoja.

Wasifu huu uliandikwa juzi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na hasira nyingi: kwa moyo uliochoka mapema, kwa miaka minne na nusu iliyopotea, na kwa fundi seremala mmoja. Ikatiwa kwenye droo ya chini. Ikalala usiku mmoja, mmoja tu. Jana baada ya chai ikasomwa tena, hasira ikafutwa, yakabaki haya mliyoyasikia.

Benchini hakuna mtu, dada. Pumzika.