Wanaimba au Wanagombana?

Wanasema macho hayana pazia, masikio je? Fundi cherehani alisikia yote kutoka kiti cha nyuma cha treni ya asubuhi. Mbele yake fundi umeme alikuwa akitazama simuni filamu ya matukio ya kweli, ya jinsi bendi moja ya muziki wa roki nzito ilivyohangaika kurekodi albamu. Mama mwenye miwani aliyekaa pembeni ya huyo fundi umeme akashindwa kuvumilia.

"Baba, huyo mwenye nywele ndefu kafanywa nini?"

"Hajafanywa kitu, mama. Anaimba."

"Anaimba! Na mishipa yote hiyo ya shingo?"

Baadaye wanamuziki wakaonekana kwenye kochi, wakiongea taratibu, samahani kwa tafadhali. Mama akashusha pumzi. "Afadhali wamepatana."

"Hapo ndipo wanapogombana. Mwezi mzima hawajafokeana. Kesho yake mpiga ngoma anaondoka."

"Wewe! Watu wanaombana radhi?"

"Walipokuwa wakitukanana, mama, kazi ilikwenda."

"Basi umenichanganya kabisa."

Fundi cherehani, aliyekuwa akicheka kimoyomoyo, akaacha. Yeye na dada yake wana duka moja na meza moja ya kukatia, na majirani huwasifu kwa utulivu. Siku hizi hata mkasi hawapeani mkononi. Mmoja anauweka mezani, mwenzake anauchukua. "Asante." "Karibu."

Treni ikasimama. "Sasa nani alimkosea mwenzake?" mama alikuwa bado anauliza.

Fundi cherehani akashuka, akijaribu kukumbuka ni lini dada yake alimfokea mara ya mwisho.